Mwaka Masera Inesi Alipobaki na Lugha Moja

Kwenye kilio cha Mama Mapendo, mwezi uliopita, nilikaa mkekani pamoja na wanawake wengine wa Kasenga, mtaa wetu hapa Uvira, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba yake hadi mti wa jirani. Sufuria za maharagwe zilikuwa zinachemka nyuma ya nyumba, moshi ulitujia machoni, na hakuna aliyejua tena kama analia kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya kuni mbichi. Mzee mmoja aliyeegemea mlango akamwita mjukuu wa marehemu, akamwambia kwa sauti ya uchovu, "Mwanangu, tengo sed." Msichana hakuuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akapiga goti kidogo na kumpa. Aliponipitia nilimshika mkono, nikamuuliza hilo neno ni la lugha gani. Akashangaa kama mtu aliyeulizwa chumvi ni ya nani. "Sijui, mama. Labda iko Kifuliiru? Siye hapa tunasema tu vile, muntu akisikia kiu." Nilificha uso ndani ya kitenge changu, na waliokuwa karibu wakadhani nimezidiwa na huzuni. Kweli nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nacheka pia, kwa sababu bibi yake, yule tuliyemlaza kaburini asubuhi, ndiye aliyelitoa neno hilo nyumbani kwa masista na kulipeleka sokoni, na sokoni likaingia majikoni mwa watu. Sasa limekuwa letu, na hakuna anayeliuliza limetoka wapi.

Lilitoka kwa Masera Inesi, maana kwetu sista anaitwa masera, katika mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimechukuliwa na masista wa Kasenga kujifunza kushona, nikala na kulala kwao. Chumba cha kushonea kilikuwa kirefu, na madirisha yake yalitazama ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, kwa hiyo asubuhi mwanga ulitufikia kutoka majini na jioni kivuli kilitushukia kutoka milima ya Bijombo. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashini, ya pasi ya makaa, na ya samaki wa mukeke wa kukaanga uliopita barabarani kichwani mwa wachuuzi. Masera Inesi ndiye aliyetufundisha. Alikuwa Mhispania peke yake katika nyumba ile. Wenzake walikuwa Wabelgiji na Wakongo, na nyumbani waliongea Kifaransa. Lakini na sisi aliongea Kiswahili cha hapa hapa, chenye "iko" nyingi kuliko zetu. Akichukua kazi yako akaiinua mbele ya dirisha, wote tulinyamaza. "Weye Sifa," angesema, "hii upindo iko nalewa. Ilikunywa wapi?" Tungecheka, naye angefumua mshono wote bila huruma na kukurudishia. Kila aliposikia kengele ya mazishi alirudia jambo moja, mbele ya yeyote aliyekuwepo: "Minye mutanizika hapa, karibu ya mayi." Kwetu, neno la mtu mzima kuhusu kaburi lake halichezewi. Akilisema mbele ya watu, watu wale wanakuwa walinzi wake. Mtaa mzima wa Kasenga ulikuwa mlinzi wa neno lile.

Siku moja alikuwa anakata kitambaa cha komunyo ya kwanza, mkasi ukamponyoka, naye akaufuata chini polepole, kama mtu anayeinama kuutafuta. Alikaa hospitali muda mrefu. Alipoletwa nyumbani upande wake wa kulia ulikuwa haumtii, na kinywani mwake hakikuwemo Kiswahili tena, wala Kifaransa. Masera Godelive, mkubwa wa nyumba, mama mrefu wa Bukavu asiyependa maneno mengi, alitueleza alivyoambiwa na daktari: lugha alizojifunza ukubwani zimezimika, imebaki ile ya utoto. Nilimwelewa kwa njia yangu. Mto Kalimabenge ukifurika, mara nyingi unachukua vyumba vilivyoongezwa baadaye, na kuacha kile cha kwanza, kilichojengwa na baba juu ya mawe. Masera Inesi alikuwa amerudi kuishi katika chumba chake cha kwanza, na ndani yake hakukuwa na mtu mwingine.

Ndipo wakaja wanawake wa kikundi cha maombi. Mbele yao alikuwa Mama Mapendo, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya soko bila kuchoka. Alikuwa amepita kumjulia mgonjwa hali, akamsikia akisema maneno ambayo hakuna mtu Uvira aliyewahi kuyasikia. Alitoka mbio mpaka barabarani. "Mukuje mbiombio! Masera ananena kwa luga!" Kwa wale wasiosali na watu wa namna hiyo nieleze kidogo: katika vikundi vyetu, Roho akimshukia mtu, mtu huyo huweza kutoa maneno ya lugha asiyoijua, na walio karibu hupiga magoti. Sasa huyu alikuwa masera, alikuwa mgonjwa, alikuwa amerudi kutoka mlangoni mwa kifo. Nani angeshuku? Alasiri ile baraza lilijaa. Masera Inesi alikuwa kwenye kiti cha mgongo mrefu, shuka miguuni, macho yakihama kutoka uso mmoja hadi mwingine. "Tengo sed," alisema. "Amina!" wakajibu wote. "Tengo mucha sed." "Amina! Asante Yesu!" Akainua mkono wake mzima wa kushoto, akaunyosha mbele juu ya vichwa vyao, nao wote wakainama kupokea baraka.

Mimi nilikuwa ndani, napangusa vumbi chumbani kwake. Kwenye rafu yake, kati ya vitabu vya sala, nilikuwa nimekuta kitabu chembamba cha kufundishia Kihispania kwa njia ya Kifaransa, kisicho na jalada. Nilikifungua kwa udadisi tu, kama mtu anavyofungua kabati la jirani. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na sentensi fupi fupi, ndogo kama nguo za mtoto mchanga: nina njaa, nina baridi, nina kiu. Nikawa nazisoma kimyakimya nikisogeza midomo, na wakati uleule sentensi ya tatu ikaingia kupitia dirishani kwa sauti ya mtu hai. Ilikuwa kama picha ya ukutani imekugeukia na kukuita jina. Nikachungulia. Kutoka pale dirishani niliona kile ambacho wanawake hawakuweza kukiona, kwa sababu kilikuwa nyuma yao: mkono wa Masera Inesi haukuwa juu ya vichwa vyao hata kidogo. Ulikuwa unaelekea kwenye jagi la maji lililokuwa juu ya kibao upande wa pili wa baraza.

Nilipita katikati ya magoti na visigino, nikamimina kikombe, nikamshikia. Alikunywa bila kupumua. Maji yalimmwagikia kidevuni, akafumba macho, akaomba tena kwa kidole, nikamimina tena. Kisha nikasikia Mama Mapendo akisema polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Kumbe iko anaomba mayi?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu saa ile yote?"

"Ndiyo."

"Na minye niko nasema Amina!" Akajipiga paja, akakaa chini kwa matako, miguu mbele. Mmoja alianza kucheka, akajizuia, ikashindikana, na baraza lote likacheka mpaka Masera Inesi naye akacheka na nusu ya mdomo iliyomtii. Mama Mapendo ndiye aliyenyamaza kwanza. Alifuta macho, akanitazama kwa ukali wa mtu anayedai haki yake. "Weye Sifa. Hayo maneno umeyatoa wapi? Utatufundisha. Muntu hawezi kukufa na kiu mbele ya wamama kama siye."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha, kazi ambayo sikuiacha hadi nilipozeeka. Nilijua ukurasa mmoja zaidi ya wanafunzi wangu, na kila jioni ilinibidi kuutafuta ukurasa wa kesho. Tulikaa barazani baada ya soko, wanawake wakiwa na mabeseni yao yenye magamba ya samaki, mimi na kitabu, na Masera Inesi kati yetu. Alikuwa mwalimu na pia alikuwa somo lenyewe. Nilimuuliza neno, akalisema. Nikilisema vibaya alitikisa kichwa kama zamani mbele ya upindo uliolewa. Swali la kwanza lilitoka kwa Mama Mapendo, na mpaka leo sijapata swali bora darasani. "Hiyo 'tengo'," alisema, "ni kusema 'nina'. Sawa. Lakini 'mimi' iko wapi? Kwa Kifaransa wanaweka 'je', namwona muntu amesimama mlangoni. Huku simwoni."

Nilirudi na swali hilo chumba cha kushonea, na jibu likanijia mguu wangu ukiwa kwenye kanyagio la mashini. Kesho yake nilikuja na gauni la mtoto. Nikawaonyesha kola. Nikawaambia: Kiswahili kinamweka mtu hapa juu, kwenye kola. Ninashona, unashona, anashona, tunashona. Kitambaa ni kilekile, shona, kola ndiyo inayobadilika, na ukiiona kola unajua nguo ni ya nani. Kisha nikalipindua gauni, nikawaonyesha upindo. Kihispania kinamweka mtu hapa chini. Coso, ninashona. Coses, unashona. Cose, anashona. Cosemos, tunashona. Cosen, wanashona. Kitambaa ni "cos", mtu yuko kwenye upindo. Ndiyo maana hawahitaji kumsimamisha mlangoni, ameshashonewa ndani. Mama Mapendo alilichukua gauni, akalishika kola kwa mkono mmoja na upindo kwa mwingine, akalivuta taratibu kama anayepima. "Basi wale watu si wageni sana," alisema. "Wanavaa nguo kama siye, ila wanaanza kuangalia kwa miguu."

Nimesoma vitabu vingi vya sarufi tangu siku ile, na hakuna kilichonipa tena mshangao kama ule. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na tisa ndani ya Kiswahili bila kujua kwamba kina kola. Ilibidi mwanamke aliyezaliwa mbali sana, nchi ya ngano na theluji, apoteze lugha zake barazani kwetu ili nione namna mama yangu alivyonivalisha maneno. Na tuliendelea kushangaa. Tulikuta kwamba baadhi ya vitambaa vyao vinarefuka vikivutwa: "tengo" kwa mimi, lakini "tiene" kwa yeye. "Kama jersey," akasema mmoja, na hatukuhitaji maelezo mengine. Tulikuta kwamba mtu mzima hasemeshwi kwa upindo wa "wewe". Anasemeshwa kwa upindo wa "yeye", kana kwamba heshima inataka nafasi kidogo ya kupumua. Wanawake walilipenda sana jambo hilo. Mama Mapendo alianza kumuuliza Masera kila alipofika, huku ameinamisha goti, "¿Tiene sed?" Una kiu, mama? Na sokoni akawa anawauliza wateja wake vivyo hivyo, kwa majivuno, huku akipima ndagala, nao wakajifunza kumjibu, "Tengo sed."

Mvua zilipoanza, Masera Inesi alianza kutumia upindo mpya. Mpaka wakati huo alisema mambo ya sasa tu: maji, baridi, mguu unauma. Jioni moja umeme wa radi ulikuwa unacheza juu ya ziwa upande wa Burundi, akasema akiutazama, "Mi madre cosía. Pilar cantaba. Yo miraba." Nilikimbilia kitabu. Mama yangu alikuwa akishona. Pilar alikuwa akiimba. Mimi nilikuwa nikitazama. Niliwaeleza wanawake kwamba huu ni upindo mrefu, wa mambo yaliyokuwa yanaendelea bila mwanzo wala mwisho, kama sisi tunavyosema "alikuwa akishona" na kuacha sindano hewani. Kila mmoja, nadhani, alikuwa anamwona mama yake. Masera Godelive, aliyekuwa amesimama mlangoni na taa, alituambia Pilar ni dada yake, mjane, bado yu hai, bado anaishi katika nyumba waliyozaliwa. Tangu jioni hiyo upindo ule mrefu haukukatika. Pilar alikuwa akikamua mbuzi. Pilar alikuwa akiogopa giza. Pilar alikuwa akimsubiri.

Mwishoni mwa mwaka Masera Godelive alituita. Wakubwa wa shirika walitaka jibu: mgonjwa arudishwe kwao wakati bado anaweza kubebwa ndegeni, au abaki mpaka mwisho? Alikuwa tayari kuwajibu kwamba anabaki, kwa sababu neno lake lilijulikana. Wanawake waliitikia kabla hajamaliza. Abaki! Alisema mwenyewe, karibu ya maji, tulimsikia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kiti chake, na sikuitikia, maana kwa siku nyingi alikuwa akiniambia jambo jingine nikimlisha uji, na nilikuwa nimeomba niwe nimekosea kuelewa. Mimi pia nilitaka abaki. Alikuwa ndiye mwalimu wangu wa vitu vyote viwili nilivyovijua.

"Hataki kubaki," nilisema. "Anataka kwenda kwa Pilar."

"Weye Sifa unasema ya kwako!" alipaza sauti Mama Mapendo. "Alisema mbele yetu sote. Unataka tuvunje neno la muzee?"

"Sisemi yangu, mama. Usiniulize mimi. Mwulize mwenyewe."

"Nitamuulizaje?"

"Kama unavyomuuliza maji."

Mama Mapendo akasogea, akapiga goti mbele ya kiti, akaweka mikono yake yenye harufu ya samaki juu ya ule mkono uliolala. "Masera," alisema, akitafuta kila neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "¿Quiere agua?" Unataka maji? "No," alisema Masera Inesi. "¿Quiere bugali?" Unataka ugali? Mtu alicheka kidogo nyuma. "No." Akapumua. "¿Quiere... Uvira?" Nilijua anachouliza, na Masera alijua pia, maana alimwangalia kwa upole mkubwa, akatazama ziwa, akatazama madirisha ya chumba cha kushonea, akachukua wakati wake. "No," alisema. Sauti ya Mama Mapendo ikawa nyembamba. "¿Quiere Pilar?" Na ule uso uliokuwa umelala nusu tangu mkasi ulipoanguka, nikauona ukiamka wote. "Sí," alisema. "Quiero ver a mi hermana."

Sikutafsiri kwamba amesema ndiyo, anataka kumwona dada yake. Hakuna aliyeniangalia. Nimekwisha kuona watu wengi wakijifunza lugha, na najua furaha ya kuelewa "ndiyo" ya mtu. Lakini siku ile niliona mtu akielewa "hapana" iliyomvunja moyo, akaielewa kwa masikio yake mwenyewe, kwa maneno aliyoyapata barazani kati ya samaki na jioni, na akaipokea. Mama Mapendo alikaa pale magotini bila kulia. Mwisho alisimama, akajifunga upya kitenge chake. "Sawa," alimwambia Masera Godelive. "Neno la kwanza tulilisikia. Na hili tumelisikia. Aliye mzima njo mwenye neno lake. Siye tutamusindikiza."

Walimsindikiza kama tunavyomsindikiza mgeni tunayempenda, mbali kuliko inavyolazimu. Gari lilikwenda mwendo wa miguu kutoka Kasenga hadi Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi, na wanawake walilizunguka wakiimba, wachuuzi wakasimama, pikipiki zikanyamaza. Mama Mapendo alibeba jagi lile lile la barazani kichwani na kikombe mkononi, na kila mara aliinama dirishani kuuliza kama kuna kiu. Baadaye tuliambiwa kwamba Masera Inesi alifika, na kwamba Pilar alimwimbia mpaka siku yake ya mwisho, katika nyumba ile ile. Lakini hayo sikuyaona. Niliyoyaona ni haya. Kizuizi kiliinuliwa, dereva akawasha injini, na Masera Inesi akatoa mkono wake wa kushoto dirishani, akaunyosha juu yetu.

Wanawake wote walisita. Hakuna kichwa kilichoinama. Mama Mapendo alikuwa ameshaanza kushusha jagi, kikombe tayari, akanigeukia kwa haraka.

"Sifa, anaomba mayi?"

Niliutazama mkono ule. Haukuwa unaelekea kwenye jagi wala kitu chochote. Ulikuwa umefunguka, ukipita polepole kutoka uso mmoja hadi mwingine.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Leo anatubariki."

Akaweka jagi chini vumbini, akapiga magoti, na wote wakapiga magoti nyuma yake, hapo hapo katikati ya barabara, mbele ya askari wa mpaka. "Amina," alisema Mama Mapendo.